Mshororo Uliozidi Mizani

Alhamisi, 10 Julai
Keshokutwa hitma ya arobaini ya dada yangu Batuli. Nyumba imepoa bila yeye. Wanawe wakubwa wana makwao. Afrah, kitindamimba aliyemuuguza, atachagua: abaki kwangu hapa Mtendeni, au aende Urambo kwa Nasri, baba yake mdogo. Nataka abaki. Nitasoma shairi la maombolezo, atajua nani anampenda. Nasri naye hujiita mshairi. Kwenye harusi ya jirani alinihesabia mizani kwa vidole mbele za watu, akakuta imezidi moja. Safari hii nane kwa nane. Ahesabu mpaka achoke!

Ijumaa, 11 Julai
Nimelia nikiandika. Ubeti wa watoto umenitoa jasho. “Masika, Thani, Sheima, wapoe nyoyo, Karima.” Nane, nane. Nikimtia Afrah, kumi. Nasri kapita kusalimia, akasema mizani ikizidi msomaji huimeza kwa mahadhi, hasa ikiwa ni jina la mtu. Mtego huo, namjua. Afrah nimemwacha nje ya ubeti. Si yupo humu ndani, kila mtu anamwona?

Jumamosi, 12 Julai
Nimesoma vizuri mno. Vidole vya Nasri vilihesabu juu ya kanzu, havikupata kitu. Ushindi! Nikatazama upande wa wanawake. Afrah kainua uso, anasubiri. Ubeti ukapita. Akasubiri tu, mpaka watu wakaitikia dua. Baadaye kamuuliza dada yake Masika kama mama yao alizaa watoto wanne. Masika kamkumbatia. Mimi nikamweleza Afrah habari ya mizani. Akaitikia, ndiyo mjomba.

Jumatatu, 14 Julai
Kaondoka na Nasri asubuhi. Kaniamkia shikamoo ya adabu, kama mgeni anayeaga. Kitanda kakitandika vizuri. Nimekaa juu yake nikalia kwa sauti. Batuli, mwanao nimempoteza mimi.

Jumanne, 15 Julai
Nimemtungia Afrah shairi la kumwomba arudi. Palikuwa na “nimekukosea, nisamehe.” Kumi! Nimefuta. Badala yake nimeweka “Urambo vumbi ni jingi.” Nane kamili. Afrah hana simu, nimelituma kwa Nasri. Ahesabu.