Sauti ya Harusi Inayochelewa Sekunde Nne

Kwa Ndugu Fundi Video,
Studio ya ghorofani, juu ya duka la viatu.

Mkwe wangu mpendwa,

YAH: SAUTI KUBAKI NYUMA YA PICHA KATIKA DISKI YA HARUSI YA BINTI YANGU NA MDOGO WAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mzima wa mwili, ila macho na masikio yangu hayaelewani tangu uliponiletea ile diski. Nakuandikia kwa heshima zote za ukwe. Ungekuwa mtu baki ningetumia kalamu nyekundu.

1. Nianze na vipimo. Mimi ni fundi saa, mwaka wa thelathini na moja huu, na siongei kwa kukisia. Nimeikalia diski yako na saa ya kupimia mbio mkononi. Dakika ya kwanza sauti na picha zinakwenda bega kwa bega. Dakika ya ishirini sauti imebaki nyuma sekunde moja. Dakika ya arobaini, sekunde mbili. Dakika ya themanini, nne kamili. Saa ya ukutani ikinifanyia hivyo naifungua mgongo siku hiyohiyo. Nilipokupigia simu uliniambia nizime niwashe. Nilizima, nikawasha. Nikaifuta diski kwa kitambaa cha miwani, nikabadilisha nyaya, nikaazima deki ya jirani na deki ya kinyozi. Zote tatu zilichelewa vilevile. Nikisimamisha picha kisha nikiiachia, sauti inawahi kwa dakika chache, halafu inaanza tena kujikokota. Ukaniambia kwenye kompyuta yako inacheza vizuri. Sikatai, mkwe wangu. Lakini sebuleni kwangu hakuna kompyuta, kuna deki.

2. Kiapo kiko dakika ya arobaini. Bwana harusi anafumbua mdomo, kimya. "Nakubali" yake inatoka sekunde mbili baadaye, wakati kamera yako imeshahamia kwa mfungishaji ndoa, naye ndiyo kwanza anafungua kinywa. Binti yangu naye anakubali kimya, na "nakubali" yake inamwangukia msimamizi wa bwana harusi, ambaye wakati huo alikuwa anapiga miayo. Kwa ushahidi wa diski yako, basi, waliooana siku ile ni mfungishaji ndoa na msimamizi. Wote wawili wana wake zao, na mmoja wa wake hao ameshakuja kuniuliza.

3. Hili ndilo linaloniuma. Dakika ya themanini nilisimama kumsifu mama wa bibi harusi, yaani mke wangu, mbele ya watu mia mbili. Nilisema: "Huyu ndiye nuru ya maisha yangu, tangu nimtie machoni sijatamani kingine." Nilisema hivyo nikimtazama yeye, na hilo naapa. Sekunde nne baadaye nilikaa na kuvuta sahani. Sasa kwenye diski yako maneno hayo yote matamu yanatoka wakati nimelishika paja la kuku kwa mikono miwili, nalitazama kwa mapenzi. Mke wangu aliangalia mbele ya dada zake. Akarudisha nyuma, akaangalia tena. Akarudisha na mara ya tatu. Alikunja kanga zake, akachukua na rimoti, akahamia kwa dada yake mkubwa. Leo ni siku ya tisa. Nimemkumbuka, mkwe. Nyumba imepoa, na mayai nimeyachoka.

4. Kazini mambo yameharibika pia. Mteja mmoja aliyealikwa kwangu kuitazama diski alikuja kesho yake akachukua saa yake kabla sijaigusa. Alisema hawezi kumwachia saa mtu ambaye hata sauti yake mwenyewe haiwahi.

5. Nimeiangalia diski mara ishirini na tatu kwa ajili ya uchunguzi. Matokeo yake, mtu akinisalimia njiani naona mdomo unacheza, nami nasimama nikisubiri salamu ifike. Majirani wanasema nimekuwa na maringo.

Kwa hiyo naomba, bila kukulazimisha, uirudie diski hiyo ili kila neno lirudi kwenye mdomo wake. Ikishindikana, nina pendekezo ambalo nimelifanyia hesabu: harusi irudiwe yote, na safari hii kila mtu aseme mapema. Bwana harusi akubali sekunde mbili kabla hajaulizwa. Shangazi aanze vigelegele wakati bibi harusi bado yuko kwenye gari. Mimi nitaanza hotuba yangu kabla sijakaribishwa, na kuku asiletwe mezani mpaka nimalize. Nitasimama mbele nikiwa na saa na leso. Nikiangusha leso, mtu aseme. Ratiba nimeiandika, ina kurasa kumi na moja, na msimamizi nimempangia asipige miayo popote.

Nisalimie mkeo, wazazi wako, na mdogo wako, umwambie ndoa yake mimi naitambua hata kama deki haiitambui. Msalimie na msimamizi. Sina kinyongo naye, ila alale mapema.

Nasubiri jibu lako, nami kusubiri nimeshazoea.

Ni mimi mkwe wako,
Fundi Saa.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Kumbe binti yangu alikueleza mapema, nawe umetengeneza diski mpya na kuipeleka moja kwa moja kwa mama yake, pamoja na karatasi inayosema kwamba uliibana sauti vibaya ulipoitoa kwenye kompyuta, deki ikawa inapotea hesabu. Mke wangu amekuja nayo mchana huu, amejipamba, tukakaa pamoja kwenye kochi. Kazi yako ni safi, mkwe. Nimepima, haikosei hata nukta. Sasa inaonekana wazi kabisa kwamba wakati nasema "nuru ya maisha yangu" paja la kuku lilikuwa tayari mkononi, na kwamba pale niliponyamaza katikati, ambapo watu walidhani nimezidiwa na machozi, nilikuwa nameza, jambo ambalo ile diski ya kwanza ilikuwa imelificha. Amerudi kwa dada yake kabla hotuba yangu ya dakika ya themanini haijafika mwisho. Tafadhali yafute yote niliyoandika hapo juu, na uniandikie haraka cheti chenye mhuri wa studio, kinachothibitisha kitaalamu kwamba diski ya kwanza ndiyo iliyo sahihi, na hii mpya ndiyo inayochelewa.