Fumbo la Mwisho la Bundi

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua hapa Kettering. Mgongo nao unauma. Muriel Stagg amepiga simu kabla sijavua koti. Muriel ndiye mwenye tovuti yetu: kila siku mmoja wetu hutatua fumbo la maneno la gazetini, kisha huwaeleza wasomaji kila jibu limepatikanaje. Alhamisi ni yangu. Muriel analalamika kwamba uchambuzi wangu hutoka watu wakiwa wameshakula cha mchana. Ameniuliza kama huwa nauchonga kwenye jiwe. Akarudia sheria zake. Usichelewe. Ukisaidiwa, kiri. Fumbo la zawadi, usitoe hata jibu moja mpaka muda wa wasomaji kutuma majibu uishe. Hiyo ya mwisho ni ya watu wa Jumamosi, siku ya mafumbo ya zawadi. Hainihusu.

Kisha habari yenyewe. Mtunzi anayejiita Bundi anastaafu, na fumbo lake la mwisho linatoka Alhamisi hii. Alhamisi yangu! Bundi ana desturi ya kuingia tovutini kumshukuru aliyemchambua. Cedric Lomax, mtu wa Ijumaa, ameshashukuriwa mara kadhaa na hachoki kusimulia. Mimi sijawahi. Nimeripoti kesi za mauaji maisha yangu yote bila kutikisika, lakini hili linaniuma.

Nikichelewa tena, Alhamisi anapewa Cedric. Muriel amekata simu kwa upole. Hiyo ni dalili mbaya.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata mpango. Kinachonichelewesha si majibu, ni kumsifu mtunzi. Basi sifa nimeziandika leo. Bundi ametuaga kwa ustadi wa hali ya juu, na kadhalika. Nimeisifu hasa nambari tisa ya mlalo, ile inayojazwa kutoka kushoto kwenda kulia. Huwa nzuri.

Nimemsomea mke wangu, Avril, akipiga pasi. Akauliza, je, fumbo likiwa bovu? Nikasema halitakuwa. Akauliza kama nimeliona. Nikasema si lazima. Akasema sasa anaelewa kwa nini gazeti lilinistaafisha mapema. Uongo. Lilinistaafisha kwa wakati.

Nimekutana na Cedric dukani kwa mwokaji. Kofia mpya. Akaniambia, mbele ya foleni nzima, “Alhamisi ukikwama nipigie tu, mzee wangu. Sisi wengine huamka mapema.” Mwokaji alicheka. Nimenunua mkate nisioutaka.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki za sherehe ya kila tarehe tano Novemba zimeanza hata giza halijaingia. Mbwa yuko chini ya meza ninayoandikia na hataki kutoka. Miguu yangu haina pa kukaa.

Nimeboresha mpango. Gazeti letu huletwa mlangoni limechelewa na limelowa, kwa hiyo kesho nitalisoma kwenye kompyuta. Kule pana kitufe cha kuonyesha majibu kwa aliyekwama. Nikikwama, nitabonyeza. Nitakiri, kwa herufi ndogo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeamka kabla ya Avril. Haijatokea tangu harusi.

Fumbo gumu ajabu. Kitufe cha majibu hakipo! Mtandao mbovu, asubuhi ya leo kati ya asubuhi zote. Nimetatua mwenyewe, kwa jasho, mpaka likabaki neno moja kwenye kona. Nikameza kiburi nikampigia Cedric. Akaguna. Akasema, “Roland, leo siwezi kukuambia kitu. Kweli kabisa, ndugu yangu. Hebu soma pale chini.” Wivu mtupu. Nikamwambia akalale na kofia yake.

Neno likaja lenyewe nilipokuwa namlisha mbwa. Nimeupandisha uchambuzi tovutini mkate wa asubuhi ukiwa bado unachomwa. Majibu yote, maelezo yote, sifa zote. Wa kwanza nchini, bila shaka! Nikakaa kumngoja Bundi.

Simu. Muriel. Alipiga kelele mpaka mbwa akarudi chini ya meza. Ati nisome pale chini. Nikasoma. Herufi ndogo: kwa heshima ya Bundi, fumbo hili ni la zawadi. Kalamu ya wino na kamusi kwa mshindi. Majibu yatapokelewa hadi Alhamisi ijayo. Ndiyo maana kitufe hakikuwapo.

Nimewagawia wasomaji wote zawadi ya mtu mmoja.

Ijumaa, 7 Novemba

Ukurasa wangu umefutwa. Muriel ameliomba radhi gazeti. Alhamisi ni ya Cedric. Wiki ijayo, muda ukiisha, yeye ndiye atakayelichambua upya fumbo la Bundi. Amenipigia kunipa pole. Hakutaja kofia. Nilitamani aitaje.

Muriel ameniuliza pia nambari tisa ya mlalo niliyoisifu niliiona wapi. Katika fumbo hili, tisa ni ya wima tu.

Lakini kabla ukurasa haujafutwa, Bundi aliingia! Muriel amenisomea kwa sauti ya hakimu. “Fumbo hili nililisuka majira yote ya kiangazi. Asante, Bwana Petherick, kwa kulimaliza kabla ya chai.”

Nikamwomba anitumie kwa maandishi. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya kutia kwenye fremu.

Jumapili, 9 Novemba

Fremu imetundikwa ukumbini. Avril anasema ile si shukrani. Neno asante limo, la kwanza katika sentensi. Miaka yote mahakamani niliripoti yaliyosemwa, si yaliyokusudiwa.

Muriel amenihurumia. Kwa majaribio, nimepewa Jumatatu, fumbo jepesi la wanaoanza. Kesho nitakuwa wa kwanza tena. Uchambuzi uko tayari isipokuwa majibu. Nimeandika kwamba mtunzi ametupiga chenga za kupendeza. Mtunzi ni nani, gazeti litasema.

Avril ameuliza kama safari hii nitasoma pale chini. Nimemjibu kwamba Jumatatu pale chini huwa hapana kitu.