Tuisheni ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mama ameunguza sufuria ya tatu mwezi huu. Alikuwa amesimama kando yake, ananusa, anauliza ni jirani gani anaunguza chakula.

Lakini leo kuna habari njema! Hospitalini wanajaribu dawa mpya ya watu wanaosahau. Daktari ametueleza, mimi na Dada. Kwenye ubongo kuna vipokezi, vitu vidogo mno, vinavyopokea habari na kuzipitisha. Vya Mama vimezubaa. Dawa hii imeundwa iingie kwenye aina moja tu ya kipokezi na kukiamsha, vingine visiguswe. Za zamani ziligusa kila kitu, watu wakatapika. Mimi ni fundi wa kufuli, mwaka wa kumi na tisa huu. Nilielewa kabla hajamaliza! Nikamshauri kwamba ufunguo ukikwama, aupige tupa kidogo. Akaandika kitu. Nadhani alivutiwa. Dada anasema alikuwa anaandika tarehe.

Nafasi imebaki moja. Alhamisi Mama atapimwa kumbukumbu. Dada kasema tumpeleke alivyo. Dada na mambo yake ya kunyooka!

Jumanne, 5 Machi

Nimeupata mtihani! Mumewe jirani alipimwa mwezi uliopita, naye jirani kanieleza yote. Unapewa maneno matano uyakariri. Unachora saa. Unahesabu kurudi nyuma kutoka mia, saba saba. Sasa ni nani aliwahi kupata nafasi popote kwa kufeli?

Duka nimefunga. Tuisheni imeanza saa nne. Maneno nimeyatungia wimbo: ndoo, sindano, jogoo, barua, kengele. Saa nimeichora nyuma ya mlango. Mama alifundisha hesabu miaka thelathini, na hesabu haijamtoka. Nilipotoa saba kwenye sabini na tisa nikapata sabini na moja, akanichapa rula ya vidole.

Hajui amekula nini asubuhi, ila wimbo kaushika. Dada haambiwi.

Alhamisi, 7 Machi

Ishirini na tisa kati ya thelathini! Nilipiga makofi pale koridoni. Nesi akatoka kunipongeza. Mama hana tatizo lolote. Kwa hiyo dawa haimhusu.

Nikasema ni mgonjwa! Daktari akasema, kwa upole, kwamba karatasi inasema vingine. Nikasema karatasi inadanganya. Akauliza imefundishwa na nani kudanganya. Nikaomba kwenda chooni.

Mama anauliza zawadi zinatolewa lini. Dada ananitazama tu. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kutoka dukani, Mama kanifungulia mlango. Kanikaribisha vizuri sana, kanivutia kiti. Akaniuliza kama mama yangu hajambo.

Nikasema hajambo. Akasema nimsalimie.

Nimekwenda uani nikalia, na sioni aibu kuliandika. Jumatano wanafunga orodha. Nafasi ilikuwa moja, na aliyeitupa ni mimi.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango mpya: Mama apimwe tena, na safari hii ajifanye hajui. Kakataa! Miaka thelathini hakumsamehe mwanafunzi aliyejifanya mjinga, hataanza uzeeni.

Basi nikaenda naye kwa Daktari na hoja nyingine, kwamba nesi alikosea kujumlisha. Nesi mwenyewe alikuwepo. Nikiwa katikati ya maelezo, nimepamba moto, Mama akaanza kuimba. Ndoo, sindano, jogoo! Na makofi juu. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza nani kamfundisha wimbo mzuri hivyo. Mama akaninyooshea kidole kwa fahari, akasema ni kijana wake huyu, mzito wa hesabu lakini ana moyo.

Nikakiri yote. Daktari hakufoka. Alisema kipimo si cha kufaulu, ni cha kujua mtu amefika wapi. Kikivurugwa, hata yeye hatajua dawa imemsaidia nani. Ana karatasi yenye maneno mengine. Atampima Jumatano asubuhi, kabla orodha haijafungwa. Tuisheni marufuku.

Nilipomsimulia nyumbani, Dada akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamkumbusha kwamba hatutibu masikio.

Jumatano, 13 Machi

Nimesubiri nje, Dada kanishikilia shati. Kumi na saba! Mama kaingia! Nikaruka, nikapiga makofi mawili. La tatu likakataa.

Kumi na saba. Mama yangu huyu, aliyekuwa anasahihisha madaftari ya darasa zima huku anatupikia. Dada akaniachia shati, akanishika mkono.

Ijumaa, 15 Machi

Dawa imeanza. Kidonge kimoja cheupe kila asubuhi. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe, nusu vidonge visivyo na kitu, na hata Daktari hajui nani kapata kipi. Nimeapa mbele ya Dada kwamba sitagusa kitu. Nimebadilika. Mtu mzima hujifunza.

Baada ya miezi mitatu Mama atapimwa tena, ijulikane kama dawa inafanya kazi. Ni karatasi nyingine, maneno mengine. Nesi aliiacha mezani alipokwenda kumletea Mama maji. Sikuigusa! Niliisoma tu.

Nimekitazama sana kile kidonge. Hakifiki hata punje ya mahindi. Na ndicho kinatakiwa kinirudishie mama mzima! Peke yake hakiwezi, lazima kisaidiwe. Tunaanza kesho, saa nne.