Mchumaji wa Kumi na Tano

Jumatatu, 4 Juni
Tumeanza shamba la chai namba saba. Desturi inataka mnyapara kama mimi amwekee Muniyandi, mungu mlinzi wa shamba, sigara nene na konzi ya kwanza ya majani juu ya jiwe lake. Sigara nimeivuta mwenyewe nyuma ya jiwe. Baridi ilikuwa kali! Majani nimeyatia kapuni. Jumamosi ni mashindano ya kuchuma, na mnyapara wa kikundi kitakachoshinda atahamia nyumba ya njia panda, yenye bomba lake. Sandanam, mnyapara wa shamba la chini, anaimezea mate. Hata masharubu hayajamkaa vizuri.

Jumanne, 5 Juni
Wamepanda mlimani wanawake kumi na wanne. Ukungu ukashuka. Wameteremka kumi na watano.

Nimehesabu mara tatu. Wa mwisho alijifunika gunia, uso sikuuona. Kapu lake mizanini: kilo arobaini na moja! Wenzake hawavuki ishirini na mbili. Sellamma, mchumaji mkongwe na bingwa wa kunisema, akauliza niliweka nini kwenye jiwe. Nikasema niliweka kila kitu. Akasema, haya, bwana mnyapara, mdomo ni wako.

Jumatano, 6 Juni
Yupo tena. Hanywi chai ya saa nne. Anapopita, majani hayatikisiki. Nimeogopa, sifichi. Lakini kilo arobaini ni kilo arobaini.

Alhamisi, 7 Juni
Mke wangu Pakkiyam, naye mchumaji, amenusa shati langu. Akasema ameolewa na mtu anayemwibia hata mungu, na sigara ataipeleka yeye. Nikamsihi asubiri hadi Jumamosi, maana Muniyandi akiridhika tutampoteza yule wa kilo arobaini. Hakunisikiliza. Akapanda peke yake, adhuhuri, ukungu umejaa.

Jioni wameteremka kumi na wanne. Nikakasirika, mgeni wangu kaondoka! Kisha nikaona kapu la Pakkiyam: kilo arobaini na moja.

Ijumaa, 8 Juni
Amekaa jikoni tangu jana. Hasemi. Sari yake inachuruzika maji, na moto uko karibu. Nimemwita, akageuka polepole, kama anayejifunza jina.

Sellamma kaja na wenzake. Leo hakunitania. Akasema huyu si Pakkiyam. Pakkiyam yuko juu, wamemsikia akiita. Kosa ni langu, kwa hiyo sigara ya mtu mwingine haikupokelewa. Nipande mwenyewe, nikiri kwa kinywa changu, nimwite mke wangu kwa jina mara tatu kabla ya jua la kesho kuzama. Likizama, basi.

Nikatoka nje kusikiliza. Kweli, ni sauti yake, kutoka ukunguni, ikiniita kwa lile jina analotumia nikimuudhi. Nimelia. Miaka kumi na tisa tumekula roti kwenye sahani moja.

Jumamosi, 9 Juni
Saa tisa nilikuwa njiani, sigara mfukoni. Nikapita mizanini kuchungulia tu. Sandanam ametuzidi kilo thelathini! Ningemrudisha Pakkiyam wakati ule, kapu lake lingerudi kuwa la kilo ishirini na mbili. Nikasema nisubiri mizani ya mwisho, ni dakika chache.

Tumeshinda! Yule wa jikoni, aliyeshika kapu tangu asubuhi, peke yake kilo hamsini na tatu. Sandanam kanipa mkono bila kuniangalia. Wakanivisha shada la maua, tukapiga picha. Nilipoinua macho, mlima ulikuwa mweusi.

Nimekimbia hadi kwenye jiwe. Nimeita mara tatu, nimeita mara thelathini. Hakuna aliyeitika.

Jumapili, 10 Juni
Nimehamia. Bomba linatoka maji vizuri. Huyu wa ndani amekaa pembeni, sakafu imelowa. Hakuna jirani aliyekuja kunipongeza. Nyumba ni kubwa, nami namkumbuka mke wangu hadi kifua kinauma.

Nimelia asubuhi nzima. Baada ya chakula nikatulia, nikafikiri kwa makini. Wamebaki wanawake kumi na watatu, na kila mmoja anachuma kilo ishirini na mbili tu. Kesho nitampeleka Sellamma juu kwanza, maana ana domo.