Mama Mkwe Arudishwe Kwenye Kitabu

Kwa Mkuu wa Kituo cha Masomo ya Jioni,

Mheshimiwa,

YAH: SINEMA KATIKA DARASA LA KIINGEREZA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini u mzima na nyumba yako ina amani. Yangu haina, ndiyo maana nimeacha cherehani nikashika kalamu.

Mimi ni fundi nguo, na duka langu linatazamana na dirisha la darasa lako. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ni mwanafunzi wako. Alijiandikisha kwa jambo moja tu: mjukuu wake yuko ng'ambo na hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Jumapili walikuwa wakitazamana kwenye simu na kupungiana mikono, mimi nikiwa katikati natafsiri. Kiingereza changu si kingi, lakini kilitosha kwa sababu nyumbani hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Mambo yalikuwa shwari walipokuwa wakisoma kitabu. Mama alirudi akijua kwamba kalamu iko juu ya meza, na kweli ilikuwa juu ya meza. Kisha mwalimu wako akaleta televisheni. Sasa wanatazama sinema ya mkufu ulioibwa katika jumba la tajiri, na kila mwanafunzi amepewa mhusika wa kwenda kuishi naye nyumbani, sauti, mwendo na yote. Mama mkwe wangu amepewa mpelelezi. Athari zake ni hizi:

1. Chai hainyweki. Ananizunguka kitini, mikono nyuma, akiniuliza kwa Kiingereza nilikuwa wapi mkufu ulipopotea. Mheshimiwa, huyu ni mama mkwe. Adabu hainiruhusu kumkazia macho, na kumbe kwenye sinema anayeinamisha macho ndiye mwizi.

2. Muuza nyama wa mtaani kwetu naye yumo darasani. Amepewa yule tajiri, anayekufa mapema na mwenye sentensi moja tu ya kusema, kwa hiyo anaifanyia mazoezi kwa bidii. Juzi nilimwomba nusu kilo ya steki. Akashika kifua, akasema maneno yake ya mwisho, akaanguka nyuma ya mizani. Wateja wageni walitimua mbio. Sisi wenyeji tulingoja afufuke atupimie.

3. Kwenye sinema hakuna anayeaga kwenye simu. Mtu akimaliza la kwake anakata. Mama alimkatia mdogo wake hivyo hivyo. Maskini akadhani amemuudhi, akafunga safari kuja kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Mama akamhoji mpaka akakiri kwamba sufuria yetu kubwa anayo yeye.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili iliyopita mjukuu alipojitokeza kwenye simu, mama hakunisubiri. Aliinama kwenye kioo, akakunja uso, akamwuliza kwa Kiingereza, "Ulikuwa wapi usiku wa tukio?" Mtoto akakodoa macho. Kisha akacheka mpaka akaanguka kitandani, akarudi, akakiri kila kitu; mkufu, alisema, ameuficha tumboni mwa paka. Walizungumza mpaka chaji ikaisha. Mimi nilishika simu tu, kama msumari wa kutundikia koti, na hakuna aliyenitaka nitafsiri hata salamu. Niliona wivu, Mheshimiwa, na sioni haya kuuandika.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu televisheni ifungiwe stoo, muuza nyama apewe mhusika mwenye uhai, na mama arudishwe kwenye kitabu, kwenye kalamu na meza, ambako mkalimani wa kawaida anaweza kumfuata.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na huyo mwalimu wa sinema pia, ingawa si sana.

Ni mimi niliyeachishwa ukalimani,
Fundi Nguo, mkabala na darasa

Nyongeza: Mjukuu amepiga simu leo, wala si Jumapili. Yeye na bibi yake wamekamilisha upelelezi na wamekubaliana kwamba mwizi ni mimi. Nitakamatwa Jumapili, na mtoto ameshikilia kwamba lazima nikiri mwenyewe, kwa maelezo marefu. Kiingereza hicho sina. Tafadhali televisheni isiguswe, na kama mhusika wa mwizi bado hajapata mtu, niwekee kiti, nyuma ya mama mkwe, kwa heshima.