Picha Zangu Zaishia kwa Dorcas

Junda, Kisauni
14 Machi 1989

Kwa Mkubwa wa Kituo cha Televisheni,

Salamu zikufike wewe na mkeo, na waliokuzaa kama wangali hai. Mimi ni Bi Mwanabibi binti Mbwana, bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Skuli sikuingia hata kuchungulia. Maneno ni yangu, mwandishi ni mkwe wangu Mwanatabu, nami nimemwonya asinipunguzie ukali.

Picha zenu hazinifikii. Zaishia kwa Dorcas, jirani yangu wa ua kwa ua. Nisikilize moja moja.

1. Antena yangu si fupi. Mlingoti wake ni boriti mbili za mkoko zilizoungwa, hapana wa kuupita mpaka Utange. Juu kule jua ni kali na paka hafiki, hata ng'onda zangu, samaki wa kupasuliwa, nazipandisha kwa kamba kama bendera, zikauke.

2. Wiki tatu sasa msoma habari anitokea na vichwa vitatu, vyote vimemwagiwa unga. Juzi nilishangilia bao, kumbe ni tangazo la sabuni.

3. Dorcas alisimamisha antena yake wiki ile ile mwanangu aliponiletea samaki. Kwake picha ni safi, hata nywele za masikio zaonekana. Picha zatoka upande wa mjini, kwa hiyo zapita kwake kwanza. Aliyekaa mbele ya sinia ya pilau akijipakulia, wa nyuma atapata nini? Mifupa. Fundi Musyoka ameizungusha antena yangu mpaka kunguru wamemzoea, kisha aniambia, "Nyanya, picha haziishi, si maji ya mfereji." Nikamwambia, na hayo maji pia tuliambiwa hayaishi.

4. Nilimwita Dorcas uani nikamwambia mwizi wa picha ni mwizi. Akanijibu, "Mama, Mungu anakuona." Nikamwambia basi nami namwomba anionyeshe habari za saa moja. Tangu siku hiyo hatusemi.

5. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Miaka kumi na tisa bakuli langu la maua laenda kwake na mbaazi, larudi na mnavu au embe. Sasa limekaa kwake wiki tatu. Yeye haleti, mimi sidai. Na Ramadhani hiyo yaja. Siwezi kufunga nikiwa na kinyongo na mtu aliyempokea mjukuu wangu kwa mikono yake, siku mkunga alipochelewa.

Kwa hiyo nataka picha zangu zizunguke kwa Shanzu, zinifikie kwa mlango wa nyuma. Kama njia ni ndefu, ziandikeni jina langu, Dorcas asome, ashikwe na haya. Hilo nalo likiwashinda, msoma habari mwenyewe aje azisome barazani kwangu, chai ipo. Nikizipata, Dorcas nitamsamehe siku hiyo hiyo.

Nakomea hapa. Mkono wa Mwanatabu umechoka, mdomo wangu bado. Nisalimieni wote hapo kituoni, na yule wa hali ya hewa mwambieni ale, amekonda.

Ni mimi mwenye macho mazima,
Bi Mwanabibi (kidole gumba changu hiki)

Nimesahau neno: Mwanatabu amezishusha ng'onda kuzipika na nazi, picha ikasafika papo hapo. Tukazipandisha, ikachafuka. Tukazishusha, ikasafika. Mara ya nne nikakaa kitako. Kuomba radhi kwa mdomo sijui, basi nimebeba sufuria nzima nikaipeleka ua wa pili. Dorcas akazitazama zile ng'onda, akazitazama. "Mama," akasema, "kumbe ni za kula? Mimi nilijua umezitundika uniroge." Wiki tatu kanisa zima lamwombea kwa ajili ya samaki wangu.

Bakuli langu limerudi, limejaa mnavu. Barua naituma hivyo hivyo, stampu nimeshailamba. Leo habari za saa moja zimesomwa safi kabisa, kichwa kimoja, na kwa kucheka kwetu hapana aliyesikia hata neno.