Ombi la Kuondolewa kwa Mbwa katika Kozi Yangu ya Ubunifu wa Mavazi

Kwa Bi Lavallee, Mkurugenzi wa Kozi za Mtandaoni,

Kwa uzito unaostahili, nakuarifu kwamba Otto, mbwa wa mama mkwe wangu, amepata koti la baridi. Ni la sufu ya kijivu, lina kola na bitana, na limeshonwa kwa kufuata kozi yangu, Koti la Mwanamke kwa Baridi ya Winnipeg. Ndiyo maana naandika.

Kozi hiyo niliiandaa mwaka mzima, nikijirekodi katika chumba cha kufulia huku mashine ikinguruma nyuma yangu. Kwa umri wangu huu, ndicho kitu cha kwanza chenye jina langu, ukiacha leseni ya udereva. Sasa nasikia mnataka kuiita Mavazi ya Mbwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanafunzi walichapa nyumbani kwao karatasi za vipimo za kukatia kitambaa, na makoti yote yakatoka madogo, hayamwingii mtu. Niliwaeleza kwa upole kwamba printa zao ni mbovu. Zote, kuanzia mji wa Brandon hadi mji wa Thunder Bay. Baridi hufanya mambo.

2. Mama mkwe, Bi Agatha Dueck, anayeishi ghorofa ya chini ya nyumba yetu na aliyejiandikisha bila kuniambia, alimvisha Otto koti alilojishonea, akabandika picha kwenye ubao wa darasa na kuandika mbele ya watu wote: "Mwalimu, koti lako limenikataa mimi, likamkubali Otto. Sasa kati yetu nani mwenye umbo la kike?" Vifungo vilikuwa tumboni. Darasa lililokuwa kimya kama friji iliyochomolewa likaanza kuongea.

3. Kufikia Ijumaa kila mtu ana mbwa. Asiye naye kaazima. Bwana mmoja wa Kenora anamshonea mbuzi, na ananiuliza mimi, mwenye diploma, pembe zipite kabla ya kola au baada.

4. Vijana wako, walionipunguzia kila somo hadi dakika sita na kunikata kichwa kwenye video ili mikono ionekane vizuri, wamemweka Otto mzima mzima, kichwa na vyote, kwenye ukurasa wa kozi.

Naomba mbwa waondolewe. Ikishindikana, walipe ada. Wakilipa ada, wafanye mtihani, maana sitakubali Otto apewe cheti kwa kuvaa tu. Na akifaulu, nani atamzuia kuomba kazi yangu? Tayari anapata salamu nyingi kuliko mimi.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule aliyenikata kichwa. Sisi hatujambo, theluji imefika madirishani.

Wako mtiifu,
Orville Thiessen

Nyongeza: Printa hazina kosa. Ninazo karatasi za nusu kipimo, za kuwafundishia wanaoanza wasiharibu kitambaa, na ndizo nilizowawekea kwa makosa badala ya zile kamili. Niligundua wiki hiyohiyo, nikanyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanashona, wanataniana, na wanamaliza. Leo asubuhi nimeshindwa kuendelea kuficha. Nimewaandikia wote ukweli, nikaomba radhi na kuwawekea karatasi kamili. Mpaka sasa hakuna aliyezichukua. Basi, hayo ya juu yachane, na jina la kozi badilisheni. Wa kwanza kunijibu alikuwa mama mkwe: "Tulijua, Orville mwanangu. Sasa tuambie mkia unatokea wapi."